Bangi kama dawa: maswali yanayojirudia kila ubishi ukianza

Bangi ikitajwa tu kama dawa watu wanagawanyika hapohapo, huku wanasema inatibu mpaka kansa, kule wanasema ni uchizi mtupu, na ukiwauliza mnaongelea kitu gani hasa, majani ya kuvuta, mafuta au dawa ya hospitali, unakuta kila mtu ana yake kichwani. Ndo maana majibu ya hapa chini yanarudirudi kwenye vitu vitatu: kemikali gani, dozi gani, ugonjwa gani. Soma unapotaka, kila jibu linajitegemea na penye marudio nimekuelekeza swali lingine.

## Mambo ya msingi

1. Hii "bangi ya dawa" ni nini, sio ileile ya kuvuta?

Inaweza kuwa ileile, na mkanganyiko unaanzia hapo. Jina moja linabeba vitu vya aina tatu (THC na CBD utakazoziona hapa ni kemikali kuu mbili za mmea huu, swali la 2). Kuna dawa kamili za kiwandani zilizopitia majaribio kama dawa nyingine yoyote: Epidiolex ambayo ni CBD iliyosafishwa, dronabinol ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara na ilipata kibali Marekani tangu 1985, nabilone ambayo ni ya maabara inayofanana na THC, na Sativex ya kupulizia mdomoni yenye THC na CBD karibu nusu kwa nusu. Afu kuna maua na mafuta ya mmea wenyewe yanayotolewa kwa cheti cha daktari nchi kama Kanada na Ujerumani, haya yanapimwa usafi na nguvu ila hayajathibitishwa kwa kila ugonjwa yanayoandikiwa. Kundi la tatu ni chochote ambacho muuzaji kaandika neno "dawa" juu yake.

Mtu akikwambia imethibitishwa, muulize kundi gani. Mara nyingi ushahidi anaoutaja ni wa kundi la kwanza na anachouza ni cha kundi la tatu.

2. THC na CBD zinatofautianaje?

THC ndo inayolewesha. Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni waliitenga na kuieleza Israel mwaka 1964. CBD haileweshi, lakini kutolewesha sio sawa na kutofanya kitu, inagusa ini na inagombana na dawa nyingine (swali la 19).

Kitu ambacho watu wanakisahau ni kwamba uwiano umebadilika sana. Bangi iliyokamatwa na polisi Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC kama asilimia 4, kufika 2014 ikawa kama asilimia 12, na mafuta yaliyokamuliwa leo yanapita asilimia 60 bila shida. Kwahiyo ile hoja ya "babu alivuta maisha yake yote akafa mzee", sawa, ila babu hakuvuta hii.

3. Inafanyaje kazi mwilini?

Mwili una vipokezi vyake, yaani milango ya seli inayopokea kemikali, CB1 vimejaa zaidi kwenye ubongo na CB2 zaidi kwenye seli za kinga, na mwili wenyewe unatengeneza kemikali zinazovigusa. Ya kwanza iligunduliwa 1992 ikaitwa anandamide, jina lililotokana na neno la Kisanskriti la raha. THC inaingia kwenye mlango huohuo kwa nguvu zaidi na inakaa muda mrefu zaidi, ndo maana kitu kimoja kinagusa njaa, maumivu, kumbukumbu, kichefuchefu na hofu kwa mpigo. Uzuri wake ndo ubaya wake, huwezi kuiambia iende kwenye maumivu tu.

4. Si mmea wa asili? Madhara yatoke wapi?

Afyuni nayo inatoka kwenye ua na tumbaku ni jani. Twende mbele.

## Inatibu nini, haitibu nini

5. Ni magonjwa gani yenye ushahidi wa kueleweka?

Machache kuliko mabango yanavyosema. Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa CBD kwa vifafa vikali vya utotoni, hasa ugonjwa wa Dravet na wa Lennox-Gastaut. Kwenye jaribio la Dravet lililochapishwa 2017, watoto na vijana 120, waliopewa CBD walishuka kutoka degedege kama 12 kwa mwezi hadi kama 6, na waliopewa dawa ya mfano isiyo na kitu walitoka kama 15 wakabaki 14. Waliopona degedege kabisa walikuwa asilimia 5 tu. Kwa mzazi wa mtoto anayeanguka kila siku tatu hiyo nusu ni kubwa mno, ila sio muujiza unaosimuliwa kwenye video.

Zaidi ya hapo kuna kichefuchefu cha dawa za kansa pale dawa za kawaida zikishindwa, na misuli kukakamaa kwa wagonjwa wa MS (ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo), ambapo wagonjwa wenyewe wanasema wanapata nafuu hata kama daktari akiwapima haoni tofauti kubwa. Baada ya hapo ndo tunaingia kwenye maumivu, na huko mambo yanachafuka.

6. Na maumivu sugu? Si ndo sababu kubwa ya watu kuitumia?

Ndio, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2017 Academy ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilipitia tafiti ikasema kuna ushahidi wa kutosha kwamba inasaidia watu wazima wenye maumivu sugu. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wanaotafiti maumivu, IASP, kikapitia kikasema hakiwezi kuidhinisha matumizi yake kwa ushahidi uliopo. Hakuna aliyedanganya hapo, walitumia mizani tofauti, mmoja anauliza kuna dalili ya kufanya kazi, mwingine anauliza faida inazidi madhara kwa uhakika wa kumwandikia mgonjwa.

Kwa wastani nafuu inayoonekana kwenye majaribio ni ndogo. Ila wastani unaficha watu, kuna anayepata nafuu kubwa na kuna asiyepata kitu zaidi ya kizunguzungu, na mpaka leo hakuna kipimo cha kukwambia kabla wewe ni yupi.

7. Inatibu kansa?

Hapana. Kwenye vyombo vya maabara na kwenye panya THC na CBD zimeua seli za kansa, lakini vitu vingi sana vinaua seli za kansa kwenye kisahani. Kwa binadamu hakuna jaribio lililoonyesha bangi inaponya kansa yoyote. Inaweza kumsaidia mgonjwa kula na kupunguza kichefuchefu, hiyo ni kazi ya maana, ila ni kazi nyingine. Anayeacha matibabu akaanza mafuta anapoteza miezi ambayo uvimbe ulikuwa bado unatibika, na kwa maoni yangu hakuna uongo kwenye mjadala huu wote unaoua watu kama huu.

8. Presha ya macho je?

Inashusha presha ya jicho kweli, ilionekana tangu 1971. Tatizo inashusha kwa saa tatu au nne tu, na glakoma inatakiwa idhibitiwe saa 24, yaani ungevuta mara sita mpaka nane kwa siku na usiku uamke uvute tena. Matone ya macho yapo. Imeisha.

9. Usingizi na wasiwasi?

Kwa muda mfupi wengi wanalala haraka. Ukitumia kila siku mwili unazoea, ukiacha usingizi unapotea kabisa siku kadhaa, na mtu anasema "unaona, bila hii silali", kumbe anachokiona ni arosto. Wasiwasi ni mkorogo zaidi, THC kidogo inaweza kutuliza na THC nyingi inaleta hofu yenyewe.

10. Mbona tafiti hazimalizi ubishi?

Sababu moja ni sheria, kwa miongo mtafiti alihitaji vibali vingi kuigusa kuliko mtumiaji. Nyingine inachekesha kidogo: majaribio ya dawa yanataka mgonjwa asijue kapewa dawa au kapewa ya mfano, sasa mtu aliyepewa THC atakosaje kujua? Ameshalewa. Akijua, matumaini yake yanaingia kwenye majibu. Ya tatu, kampuni haiwezi kumiliki mmea kama inavyomiliki kidonge, kwahiyo wa kulipia majaribio makubwa ya maua ni wachache.

## Afya ya jamii nzima

11. Inaleta uchizi au watu wanatisha tu?

Inategemea nguvu, mara ngapi, na mtu mwenyewe. Utafiti wa 2019 uliofanyika miji kadhaa ya Ulaya pamoja na Brazil ulikuta wanaotumia kila siku bangi yenye THC asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano kama mara tano wa kupata saikosisi (uchizi wa kusikia au kuamini visivyokuwepo) kuliko wasiotumia kabisa. Wabishi wanasema labda wenye dalili za mwanzo ndo wanaokimbilia kuvuta ili watulie, na sehemu ya ukweli ipo hapo, pia kuna jeni zinazoingiliana. Lakini ukikuta kadri dozi inavyopanda na hatari inapanda, ni vigumu kusema hamna kitu.

Watumiaji walio wengi hawapati saikosisi. Mwenye ndugu wa damu mwenye skizofrenia, au aliyewahi kusikia sauti, asiiguse THC, na hilo utakuta hata madaktari wanaoiunga mkono wanalisema.

12. Ina uraibu?

Ndio, ila chini ya pombe na tumbaku. Hesabu maarufu ya Marekani ya miaka ya 1990 ilisema katika waliowahi kuijaribu kama asilimia 9 walikuwa tegemezi, pombe 15 na tumbaku 32. Walioanza wakiwa wadogo inapanda hadi kama mmoja kati ya sita. Hizo hesabu ni za enzi ya THC ya asilimia 4, kumbuka swali la 2.

Cheti cha daktari hakikukingi. Ukitumia kila siku kwa ugonjwa ubongo hausomi cheti.

13. Si walisema bangi ikihalalishwa vifo vya dawa kali za maumivu vinapungua?

Walisema, na hiki kisa ni kizuri kukijua maana kinaonyesha mjadala mzima ulivyo. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha majimbo ya Marekani kwa takwimu za 1999 hadi 2010, wakakuta yenye sheria ya bangi ya dawa yalikuwa na vifo vya kuzidisha dawa jamii ya afyuni pungufu karibu asilimia 25. Habari ikasambaa, wanasiasa wakaibeba, na kuna mahali iliingia mpaka kwenye sheria. Mwaka 2019 wengine wakachukua hesabu ileile kwa njia ileile wakaivuta mpaka 2017 na matokeo yakageuka juu chini, majimbo yenye sheria sasa yakawa na vifo zaidi kwa karibu asilimia 23.

Je bangi ilianza kuua? Hapana, na waliofanya hiyo ya pili hawakusema hivyo. Walichosema ni kwamba ukilinganisha majimbo huwezi kujua kilichompata mtu mmoja mmoja, kuna mambo mia yanatofautisha jimbo na jimbo. Ya kwanza ilikuwa dhaifu vilevile, ila ilipendwa kwasababu ilisema kilichotakiwa.

14. Watoto wadogo wanaingiaje kwenye hii?

Kupitia pipi. Bangi ikiuzwa kama biskuti, chokoleti na pipi laini mtoto hajui tofauti. Vituo vya sumu Marekani vilipokea taarifa 207 za watoto chini ya miaka sita kula bidhaa hizi mwaka 2017, mwaka 2021 zikawa 3,054. Mtoto anaweza kupoteza fahamu na wengine wanaishia ICU. Hapa hata kama unaipenda bangi kiasi gani sioni cha kubishania, chombo kigumu kufunguka, vipande vya dozi ndogo, na marufuku ya maumbo ya wanyama.

15. Na vijana, wanavuta zaidi nchi ikiruhusu ya dawa?

Tafiti nyingi za Marekani hazikukuta ongezeko la vijana kwasababu ya sheria za dawa peke yake, jambo lililowashangaza wengi. Walioongezeka ni watu wazima. Kwahiyo hoja ya "tunawaua vijana" imezidi chumvi, japo ukweli wa swali la 12 kuhusu kuanza mapema uko palepale.

16. Pombe inaua zaidi, mbona inauzwa?

Kweli inaua zaidi, WHO inakadiria vifo milioni 2.6 mwaka 2019. Ni hoja nzuri dhidi ya kumfunga mtu jela kwa msokoto, ila ukiitumia kusema bangi ni dawa umeruka mtaro, pombe kuwa mbaya hakuifanyi bangi itibu mgongo. Tena pombe ndo fundisho lenyewe la kinachotokea biashara ikiwa kubwa, faida inatoka kwa wanywaji wakubwa wachache na kampuni inajua.

## Sheria na ubishi wake

17. Umoja wa Mataifa si ulishahalalisha 2020?

Hapana. Tarehe 2 Desemba 2020 kamisheni ya dawa za kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye Jedwali la IV la mkataba wa 1961, ambalo ni la vitu vinavyoonekana hatari sana na visivyo na faida kubwa ya tiba. Ilibaki Jedwali la I, yaani bado inadhibitiwa vikali. Kilichobadilika ni kukubali kwamba ina matumizi ya tiba, sheria za nchi ziko palepale mpaka nchi yenyewe izibadilishe.

Hilo linagusa pia wanaosoma kwamba Lesotho ilitoa leseni 2017 na Zimbabwe ikafuata 2018. Leseni za namna hiyo zililenga kilimo cha kibiashara na mauzo ya nje. Shamba la bangi ya dawa kuwepo nchini sio ruhusa ya raia kuvuta, wala haina maana mgonjwa wa hapohapo ataipata.

18. Kusema "dawa" si mlango wa nyuma wa kuhalalisha starehe?

Wakati mwingine ndio. Kalifonia ilianza na dawa 1996 ikafika starehe 2016, Kanada 2001 hadi 2018, Ujerumani 2017 hadi 2024. Thailand iliruhusu dawa 2018, Juni 2022 ikaitoa kwenye orodha ya dawa za kulevya bila sheria kamili ya kuisimamia, maduka yakazagaa, na katikati ya 2025 ikarudi nyuma kudai cheti cha daktari. Upande mwingine Uingereza iliruhusu madaktari bingwa kuandika tangu Novemba 2018 na starehe bado ni kosa. Kwahiyo mlango upo, kuupita au kutoupita ni uamuzi wa kisiasa.

Mimi naona ingekuwa heshima kwa wagonjwa kutenganisha hayo mawili waziwazi. Anayetaka starehe iruhusiwe aseme hivyo, ana hoja zake, asijifiche nyuma ya mtoto wa kifafa. Na anayepinga starehe asimnyime huyo mtoto dawa.

## Hali za pembeni

19. Natumia dawa nyingine, kuna shida?

Inaweza kuwepo kubwa. CBD inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi. Warfarin ya kuzuia damu kuganda inaweza kupanda ukatoka damu, clobazam ya kifafa inapanda mtu akasinzia kupita kiasi, na ukichanganya na valproate ini linaweza kuumia. THC juu ya pombe au dawa za usingizi inazidisha ulevi. Mwambie daktari au mfamasia hata kama ni aibu.

20. Mwanangu ana kifafa, nimeona mafuta ya CBD mtandaoni, nimpe?

Najua kinachokusukuma, ila angalia hesabu. Dozi kwenye lile jaribio la swali la 5 ilikuwa miligramu 20 kwa kilo kwa siku, mtoto wa kilo 20 ni miligramu 400 kila siku. Chupa nyingi za mtandaoni zina mia kadhaa kwa chupa nzima, yaani unampa kiasi kisichoweza kufanya kazi au unamaliza chupa kwa siku moja mbili.

Afu kilichomo ndani hakijulikani. Mwaka 2017 watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima, zilizoandikwa kiasi sahihi zilikuwa asilimia 31 tu, na bidhaa 18 kati ya hizo 84 zilikuwa na THC ndani. Na usimwachishe dawa zake ghafla ili ujaribu hii, degedege inayofuata inaweza kukataa kusimama.

21. Nina mimba na natapika sana, wanasema inasaidia?

Usitumie. THC inavuka kondo la nyuma na inaingia kwenye maziwa, na imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Dawa za kichefuchefu cha mimba zipo.

22. Navuta miaka mingi, sasa natapika kila mara na kinachonituliza ni maji ya moto tu. Nini hii?

Ni ugonjwa wa kutapika unaoletwa na bangi yenyewe, na hiyo ya maji ya moto ni alama yake kabisa. Ilielezwa mara ya kwanza Australia mwaka 2004, watumiaji wa muda mrefu wanaotapika kwa vipindi na wanashinda bafuni. Wengi wanazunguka hospitali miaka wanapimwa tumbo, na wabaya zaidi wanaongeza bangi wakidhani itazuia kichefuchefu. Tiba ya kudumu ni kuacha kabisa. Ukiwa hukojoi au unazimia nenda hospitali, upungufu wa maji unaharibu figo.

23. Nimekula keki yake, mwanzo sikusikia kitu nikaongeza, sasa moyo unakimbia nahisi nakufa.

Ya kula inachelewa nusu saa mpaka saa mbili na inakaa saa sita, nane, hata zaidi, ndo maana kosa la kuongeza ni la kila mtu. CB1 ni vichache kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, kwahiyo mtu mzima mwenye afya haachi kupumua kama kwa heroini. Kaa sehemu tulivu na mtu unayemwamini, usiendeshe gari. Kwa maumivu ya kifua, kuzimia, ugonjwa wa moyo, au kama aliyekula ni mtoto, sio wa kusubiri, hospitali.

24. CBD itanikamatisha kwenye kipimo cha mkojo? Na nikisafiri?

CBD safi haitafutwi kwenye kipimo, ila rudi swali la 20 uone ni ngapi zilikuwa na THC. Mtumiaji wa kila siku anaweza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuacha. Wanamichezo, CBD ilitolewa mwaka 2018 kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, THC bado ni marufuku wakati wa mashindano.

Kusafiri, cheti chako kinaishia mpakani isipokuwa nchi unayoenda imekikubali kabla. Brittney Griner, mchezaji wa kikapu wa Marekani, alikamatwa uwanja wa ndege karibu na Moscow Februari 2022 na mafuta ya vepu aliyoandikiwa na daktari Arizona, akahukumiwa miaka 9, akatoka Desemba kwa kubadilishana wafungwa. Wewe hakuna wa kukubadilisha.

25. Nafanyiwa operesheni wiki ijayo, nimwambie daktari?

Mwambie, hasa yule wa usingizi. Anayetumia mara kwa mara anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi za kulala na maumivu makali zaidi yakamfuata akiamka, na aliyevuta siku ileile moyo wake unaweza kusumbua mezani. Mwongozo wa Marekani wa 2023 unataka kila mgonjwa aulizwe. Asipokuuliza sema mwenyewe, aina gani, kiasi gani na mara ya mwisho lini.